Wamoravian ni nani? Kanisa la wakimbizi lililopata nyumba Rungwe

Ukikaa Mbeya kwa wiki moja utalikuta Kanisa la Moravian kila upande: Mwanjelwa, Ruanda, Uyole, na ukiteremka kuelekea Tukuyu, vibao vya shirika zake, yaani makanisa yake ya mahali, vinafuatana barabarani katikati ya migomba na chai. Mgeni aliyelelewa Mlutheri huingia ibadani akajiona yuko nyumbani. Watoto wachanga wanabatizwa, vijana wanapata kipaimara, Meza ya Bwana inaandaliwa karibu kama alivyozoea. Anahitimisha kwamba hawa ni Walutheri wenye jina jingine.

Halafu anaanza kusikia mambo yanayomchanganya. Anaambiwa kanisa hili lilianza mwaka 1457, miaka 26 kabla Martin Luther hajazaliwa. Anaambiwa lina askofu, lakini anayeongoza jimbo, kusaini barua na kupanga wachungaji vituo ni mwenyekiti. Akiomba kuonyeshwa ungamo la imani, yaani tamko rasmi la mafundisho, ambalo ni la Wamoravian peke yao, kama Walutheri walivyo na Ungamo la Augsburg, hapewi. Na akitazama takwimu za dunia anakuta kwamba kanisa lenye asili ya Ulaya ya kati lina waumini wengi Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote.

Nimelelewa katika kanisa hili na nalipenda, na nimesikia maswali hayo yakijibiwa moja moja, kila moja na jibu lake la haraka. Naona yana mzizi mmoja. Wamoravian waliishi ukimbizini zaidi ya karne moja, wakapokelewa na watu wa dhehebu jingine, wakajijenga upya wakiwa kama wapangaji katika nyumba ya wengine. Mengi yanayoonekana ya ajabu kwao leo yanatokana na hilo.

Kabla ya Luther

Habari inaanzia Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech ya leo. Padri Jan Hus, mwalimu wa chuo kikuu cha mji huo, alihubiri kwa Kicheki katika kanisa lililoitwa Bethlehemu, wakati ibada za Kanisa zilikuwa kwa Kilatini. Alikemea uuzaji wa vyeti vya msamaha wa dhambi na anasa za viongozi wa Kanisa. Aliitwa kwenye mtaguso wa Konstanz, mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa, akiwa na ahadi ya Sigismund, mfalme wa Ujerumani, kwamba angelindwa. Ahadi haikutimizwa. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto akiwa hai.

Wafuasi wake walishika silaha, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Baadaye kikundi kidogo kilichochoshwa na damu kilihamia kijiji cha Kunvald, kikiongozwa na mtu aliyejulikana kama Ndugu Gregori, kikakataa upanga kabisa. Huo ndio mwanzo wa mwaka 1457. Walijiita Umoja wa Ndugu, kwa Kilatini Unitas Fratrum, na hilo ndilo jina rasmi la kanisa hili duniani hadi leo. Mwaka 1467 walichagua makasisi wao wenyewe kwa kuokota kura mbele ya Mungu, kama mitume walivyomchagua Mathiya. Mwaka 1501 walikuwa wameshachapa kitabu cha nyimbo kwa Kicheki. Baadaye wasomi wao waliitafsiri Biblia nzima kutoka lugha za asili na kuichapa katika mji wa Kralice.

Kisha kila kitu kikavunjika. Novemba 1620, Waprotestanti wa Bohemia, nchi ambayo Prague ni mji wake mkuu, walishindwa katika vita vya Mlima Mweupe karibu na Prague, na Juni iliyofuata viongozi 27 waliuawa hadharani katika uwanja wa mji. Aliyetaka kubaki Mprotestanti alipaswa kuhama, au kuficha imani yake. Askofu Jan Amos Comenius, ambaye walimu wengi wanamjua kwa kazi yake ya elimu kuliko kwa uaskofu wake, alihama nchi na nchi hadi akafia Amsterdam mwaka 1670. Alikuwa akiomba kwamba ibaki mbegu iliyofichika ardhini. Kwa takriban miaka mia moja familia za vijijini Moravia, eneo la mashariki mwa Czech ya leo ambalo jina la kanisa limetoka, zilisoma Biblia usiku, milango ikiwa imefungwa.

Shamba la Zinzendorf

Mwaka 1722 seremala mmoja, Christian David, alivusha familia chache mpaka kwa siri na kuziingiza Saxony, katika Ujerumani ya leo. Mwenye ardhi waliyofikia alikuwa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kabaila mwenye umri wa miaka 22, Mlutheri wa kuzaliwa na kwa imani. Aliwaruhusu wajenge. Tarehe 17 Juni Christian David aliangusha mti wa kwanza, na kijiji kilichoinuka hapo kikaitwa Herrnhut.

Habari zilienea, na wakaja wengine wasiokuwa Wamoravian: Walutheri waliochoshwa na parokia zao, watu wa Kireformati (wafuasi wa mafundisho ya Calvin), na waumini wa vikundi vidogo vilivyofukuzwa kwingine. Kufikia mwaka 1727 walikuwa kama 300. Walipokelewa vizuri, kisha wakagombana vibaya sana. Waligombania namna ya kuabudu, nani awaongoze, na kama iliwapasa kwenda kusali katika kanisa la Kilutheri la Berthelsdorf. Wapo waliofikia kumwita Zinzendorf, aliyewapa ardhi, mnyama wa kitabu cha Ufunuo.

Hapa naomba msomaji asiende haraka, kwa sababu hapa ndipo tabia ya kanisa hili ilipoumbwa. Zinzendorf hakuwafukuza. Aliacha shughuli zake za serikali Dresden, akahamia kijijini, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akisikiliza. Tarehe 12 Mei 1727 wakazi walitia saini kanuni za kuishi pamoja. Kanuni hizo hazikumtaka mtu akubali fundisho moja juu ya kila jambo, zilimtaka aishi na jirani yake kama ndugu. Wakaanza vikundi vidogo vya kuungamana na kuombeana. Jumatano ya tarehe 13 Agosti 1727 wote walikwenda Berthelsdorf, wakashiriki Meza ya Bwana katika kanisa lilelile la Kilutheri walilokuwa wakiligombania, na walioshuhudia wanasema walitoka wakiwa wamepatana, wengine wakilia. Wamoravian duniani kote huiadhimisha siku hiyo kila mwaka. Wiki mbili baadaye ulianza mnyororo wa maombi wa saa 24, watu wakipokezana usiku na mchana, na ukaendelea kwa miaka 100.

Ndiyo maana hatuna ungamo la peke yetu. Zinzendorf hakutaka kuanzisha dhehebu, alitaka Ndugu wawe chachu ndani ya kanisa kubwa lililowapokea. Mlutheri aliyejiunga Herrnhut hakuambiwa aukane Ulutheri wake. Hadi leo Moravian inayaheshimu maungamo ya makanisa mengine ya Matengenezo bila kufanya hata moja kuwa kipimo cha kumruhusu au kumzuia mtu. Walilotaka kulishika kwa pamoja ni Kristo aliyesulubiwa, na nembo inasema hivyo: Mwanakondoo aliyebeba bendera, na maneno ambayo kila Mmoravian wa Tanzania anayajua kwa moyo, "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate."

Herrnhut ilikuwa na mambo yaliyowashangaza majirani. Mwaka 1730 binti wa miaka 14, Anna Nitschmann, alichaguliwa kuwa mzee wa wanawake. Makaburini watu walizikwa kwa safu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, chini ya mawe yaliyolazwa yanayofanana, kabaila akilala katika bustani moja na seremala. Na tangu mwaka 1728 kila asubuhi nyumba zilipelekewa mstari mmoja wa Biblia wa kuishi nao siku nzima. Mistari hiyo ilianza kuchapwa kama kijitabu mwaka 1731 na haijakoma. Mstari wa Agano la Kale bado huchaguliwa kwa kuokota kura kule Herrnhut, kisha unatafutiwa wa Agano Jipya unaoendana nao.

Seremala na mfinyanzi

Mwaka 1731 Zinzendorf alikuwa Copenhagen, akakutana na Anton Ulrich, Mwafrika aliyezaliwa utumwani katika kisiwa cha St. Thomas, koloni la Denmark katika Karibi. Anton alimweleza kwamba dada yake na wengine kule wangependa kusikia Injili. Tarehe 21 Agosti 1732 mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann waliondoka Herrnhut kwa miguu kuelekea bandarini. Herrnhut ilikuwa na umri wa miaka kumi tu. Wakimbizi ambao wenyewe hawakuwa na kanisa lililotambuliwa walianza kupeleka Injili ng'ambo karibu miaka 60 kabla jumuiya kubwa za misheni za Uingereza hazijaundwa.

Hadithi hii husimuliwa makanisani kwa fahari, na inastahili. Lakini haiwezi kuishia hapo. Mwaka 1738 misheni ya St. Thomas ilinunua shamba pamoja na watumwa wake, na kwa miongo mingi Wamoravian waliwahubiria watu kwamba wako huru katika Kristo huku wakiwamiliki. Wale wale waliokimbia minyororo ya wafalme waliona minyororo ya wengine kuwa jambo la kawaida. Hilo ni doa, na sioni faida ya kulifunika. Katika kisiwa hicho hicho aliinuka Rebecca, mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, aliyepanda vilima usiku kuwafundisha wanawake mashambani. Alifungwa gerezani kwa ajili hiyo, baadaye akafika Ujerumani, akawekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1746, na akamaliza maisha yake Afrika Magharibi, katika Ghana ya leo. Kwa maoni yangu anastahili kutajwa mimbarini mara nyingi kama anavyotajwa Zinzendorf.

Rungwe, 1891

Wamisionari wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Johannes Häfner na Georg Martin, walifika kwetu mwaka 1891 kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, kisha Ziwa Nyasa, wakisaidiwa na Waskoti waliokuwa tayari upande wa Malawi ya leo. Martin alifariki mwaka huohuo. Waliobaki walijenga kituo chini ya Mlima Rungwe.

Wakati huohuo Jumuiya ya Berlin, ya Kilutheri, ilikuwa ikiingia eneo hilohilo. Badala ya kushindana waligawana: Wamoravian wakaenda magharibi, Waberlin mashariki. Makubaliano ya namna hiyo yalifanyika sehemu nyingi za koloni, na ndiyo sababu hadi leo jina la wilaya linaweza kukudokezea dhehebu la mtu. Njombe ikawa ya Walutheri, Rungwe ya Wamoravian. Mipaka hiyo ilichorwa na wageni, kwa urahisi wao, wala haikutoka katika hiari ya wenyeji. Kutoka Rungwe kazi ilienea hadi Rutenganio na Ipyana mwaka 1894, Utengule mwaka 1895, Mbozi mwaka 1899 na Isoko mwaka 1900.

Nani walikuja kukaa misheni miaka hiyo ya mwanzo? Nchi ilikuwa imechanwa na vita na biashara ya watumwa. Wengi waliofika vituoni walikuwa watu waliokosa ukoo wa kuwalinda: wajane, watoto waliotekwa, wanawake waliotoroka. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari aliyeishi Utengule, aliandika maisha ya baadhi yao kama walivyomsimulia. Miongoni mwao ni Narwimba, mwanamke aliyepitishwa mkono hadi mkono na vita vile. Ukisoma maisha ya watu kama hao unaona kwamba msingi wa ushirika wa kwanza uliwekwa pia na watu ambao katika kijiji cha kawaida wangeitwa wakuja. Yaliyotokea Herrnhut yalitokea tena Usafwa na Unyiha, mara hii wakimbizi wakiwa Waafrika.

Kule Mbozi, Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha na mila za Wanyiha hadi akaanza kuyauliza maswali mambo ambayo misheni nyingine hazikuyagusa. Alitetea kwamba mwanaume mwenye wake wengi aweze kubatizwa bila kulazimishwa kuwafukuza, kwa hoja kwamba mke anayefukuzwa kwa jina la Kristo anaonewa kwa jina la Kristo. Hakueleweka na wenzake wengi, na mjadala huo haujaisha.

Upande wa magharibi habari ni tofauti kidogo. Urambo, makao ya Mirambo, ilikuwa na wamisionari wa Jumuiya ya Misheni ya London tangu mwaka 1879. Walipochoka waliwakabidhi Wamoravian kituo mwishoni mwa miaka ya 1890, na kutoka hapo kazi ikafika Sikonge, Kitunda na Tabora mjini.

Vita Kuu ya kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Waliwekwa kizuizini, vituo vikabaki na walimu na wazee Waafrika, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Waskoti walisaidia Rungwe kwa muda, Wadenmark wakachukua jukumu Tabora, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, na vita vya pili vikawaondoa tena. Mara mbili katika kizazi kimoja kanisa lilibaki mikononi mwa wenyeji, na halikufa. Anayesema wamisionari ndio waliolijenga Kanisa la Moravian Tanzania anaeleza nusu ya kazi.

Waumini walipohama kutafuta dhahabu Chunya, vibarua vya migodini, au biashara Dar es Salaam, walihama na ushirika wao. Wilaya mbili za zamani, Kusini na Magharibi, zimezaa majimbo: Kusini lenye makao Rungwe, Kusini Magharibi Mbeya, Magharibi Tabora, Rukwa, Ziwa Tanganyika, Mashariki na Kaskazini. Watanzania wakavuka mipaka pia, na makanisa ya Moravian ya Malawi, Zambia, Burundi na mashariki mwa Kongo yamepokea mengi kutoka kwao. Mwaka 1995 Sinodi ya Umoja wa Ndugu, chombo cha juu kabisa cha Wamoravian duniani, ilifanyika Dar es Salaam.

Askofu na mwenyekiti

Sasa turudi kwenye swali linalosumbua wengi. Herrnhut ilikuwa chini ya sheria za nchi ya Kilutheri, na wakazi wake walisali katika parokia ya Kilutheri. Hawakuhitaji askofu wa kuwatawala. Walimhitaji kwa jambo jingine: wamisionari walio mbali walikuwa wakibatiza watu bila kuwa na mchungaji aliyewekwa wakfu kihalali. Basi mwaka 1735 David Nitschmann, yule seremala, aliwekwa wakfu na Daniel Ernst Jablonski, mjukuu wa Comenius, aliyekuwa ameutunza uaskofu wa Ndugu wa zamani. Uaskofu uliingia Herrnhut kwa ajili ya kuweka mikono, kuombea na kulea wachungaji.

Miaka sita baadaye walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1741 viongozi walikutana London kujaza nafasi ya Mzee Mkuu, cheo kilichokuwa kizito kuliko vyote. Hawakuona anayefaa, wakaamua kwamba cheo hicho ni cha Kristo mwenyewe na hakitakaliwa na mtu. Uamuzi ulitangazwa kwa shirika zote tarehe 13 Novemba, siku ambayo bado inakumbukwa.

Kwa hiyo katika Moravian mamlaka ya utawala yako kwa sinodi, inayoundwa na wachungaji na walei. Sinodi ya jimbo humchagua mwenyekiti na halmashauri yake kwa kipindi maalumu. Sinodi hiyohiyo humchagua askofu, ambaye huwekwa wakfu na maaskofu wenzake, hubaki askofu maisha yake yote, na ni askofu wa Umoja mzima, si wa jimbo lake tu. Ni mchungaji wa wachungaji. Mwenyekiti hawezi kumweka mchungaji wakfu kama si askofu, na askofu hawezi kumhamisha mchungaji kama si mwenyekiti.

Mpangilio huu ni mzuri na ni mgumu. Katika nchi ambako neno askofu limebeba uzito wa Kikatoliki, Kianglikana na Kilutheri, waumini humtazama askofu wakitarajia aamue. Nadhani hapo ndipo baadhi ya migogoro yetu ilipopata kuni, ikiwemo iliyofika magazetini na mahakamani. Siamini kwamba dawa ni kumpa askofu utawala. Waliouweka utaratibu huu walikuwa wameonja viongozi wa dini wenye nguvu zote, na Hus alichomwa na viongozi wa namna hiyo.

Mgeni akiingia

Jumapili, baada ya matangazo, mzee wa kanisa huwaomba wageni wasimame wajitambulishe. Mtu anataja jina, anakotoka, ushirika wake, analeta salamu, nao wanamjibu kwa makofi au wimbo. Makanisa mengi ya Tanzania hufanya hivyo. Linalostahili kujulikana ni kinachofuata kwa anayetaka kubaki. Aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu katika kanisa jingine habatizwi tena. Mwenye cheti cha uhamisho anakikabidhi, asiyekuwa nacho anakaa na mchungaji au mzee, anaelezwa taratibu, anapangiwa kikundi cha jirani anakoishi. Haambiwi akane alikotoka.

Alfajiri ya Pasaka utawaona Wamoravian wakielekea makaburini kabla jua halijachomoza, wakiimba, desturi iliyoanza Herrnhut mwaka 1732 kwa vijana waliokwenda kuimbia kaburini asubuhi ya ufufuo. Hapo hutajwa waliolala katika Bwana tangu Pasaka iliyopita. Mgeni anaruhusiwa kwenda, na hahitaji kuwa Mmoravian.